NANI KASEMA AJALI HAINA KINGA?

Habari za wavumbuzi watatu na vyombo tunavyovishika kila siku



Mtu akiumia kazini, iwe ni jirani yetu hapa Bunia au mwenzetu wa Mongbwalu, Bambu au Nizi, hakosi kupatikana mtu wa kusema: "Ajali haina kinga." Anasema kwa huruma, na msemo wenyewe ni wa zamani. Lakini leo ukurasa wa usalama unataka kubishana nao kidogo. Kama ajali haina kinga, mbona tunapewa kofia ngumu? Mbona mashine ya kutoboa mwamba ina mpira wa maji? Mbona utambi wa baruti hauwaki wote kwa ghafla, bali hutuachia dakika za kuondoka?

Vitu hivi havikuanguka kutoka mbinguni. Kila kimoja kina mtu aliyekaa akafikiri, akajaribu, akashindwa, akajaribu tena. Na kabla ya kila mmoja wa watu hao, wafanyakazi wengi walikwisha kufa. Leo tutasimulia habari za watatu: mwuza ngozi, mtaalamu wa kemia na fundi wa mashine. Mkimaliza kusoma, mtaamua wenyewe kama ajali haina kinga.

DHAHABU YA KILO ILIKUTA VYOMBO TAYARI

Mwaka 1903 wachunguzi wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliona dhahabu katika mto Agola, upande wa Kilo. Mwaka 1905 kazi ya kuchimba ilianza. Kwanza watu waliosha changarawe za mitoni. Baadaye dhahabu ilifuatwa ndani ya milima, katika mishipa ya jiwe jeupe liitwalo kwarzi, na hapo ndipo mashimo ya chini ya ardhi yalipozaliwa, kama lile la Adidi karibu na Mongbwalu. Mwaka 1926 iliundwa kampuni ya Kilo-Moto, ambayo watu waliijua kwa jina la SOKIMO. Mwaka 1966 mahali pake pakashikwa na OKIMO, shirika la serikali. Familia nyingi za Ituri zilikula na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Tusisahau pia kwamba zama za Wabelgiji wengi wa babu zetu walipelekwa kwenye kazi hiyo kwa kulazimishwa.

Changarawe ya mto huchimbwa kwa koleo. Kwarzi haisikii koleo. Kwarzi inataka tundu, baruti na moto, na kila kimoja cha vitatu hivi kinaweza kuua. Hata hivyo, utambi wa usalama, dinamiti na mashine ya kutoboa kwa maji vyote vilikwisha kuvumbuliwa kabla ya 1903. Lakini chombo kuwapo duniani ni jambo moja, na kumfikia mfanyakazi shimoni, naye akakitumia, ni jambo jingine kabisa. Hilo ndilo neno kubwa la makala hii.

MWUZA NGOZI ALIYETUPA DAKIKA

Mwanzoni mwa karne ya 19, katika jimbo la Cornwall, Uingereza, wachimbaji wa bati na shaba walilipua mwamba kwa baruti nyeusi. Kuwasha baruti ile kulikuwa kama kucheza kamari. Walijaza unga wa baruti ndani ya unyoya wa bata bukini au ndani ya bua kavu, wakauchomeka tunduni, wakawasha, wakakimbia. Safari moja moto ulikwenda polepole; safari nyingine uliruka mara moja, mtu hajageuza mgongo. Mara nyingine ulionekana kama umezimika. Mtu akarudi kuangalia, na baruti ikamlipukia usoni. Wengi walipofuka, wengi walipoteza mikono, wengi walizikwa.

Katika kijiji cha Tuckingmill aliishi William Bickford, mwuza ngozi. Hakuwa mchimbaji wala mhandisi, lakini ajali za majirani zake zilimsumbua moyo. Jaribio lake la kwanza halikufaulu. Kisha siku moja alimtembelea rafiki yake aliyekuwa na karakana ya kusokota kamba. Alipoangalia jinsi nyuzi zilivyojikunja moja juu ya nyingine, alipata fikra: kwa nini nyuzi zisisokotwe zikiwa zimefumbata baruti katikati yake?

Akatengeneza mashine iliyomimina unga laini wa baruti katikati ya nyuzi wakati zikisokotwa. Juu yake akazungusha nyuzi nyingine kwa upande wa kinyume ili kamba isifumuke, kisha akaipaka lami ili maji yasiingie. Hati ya uvumbuzi wake ni ya tarehe 6 Septemba 1831. Kamba ile iliwaka kwa mwendo wa kujulikana: futi moja kwa nusu dakika hivi, maana yake meta moja kwa dakika moja na nusu au kupita kidogo. Bickford mwenyewe alifariki mwaka 1834, kabla ya kuona utambi wake ukienea duniani.

Tazameni vizuri alichotupa mtu huyu. Hakutupa kamba tu; alitupa dakika. Kabla yake mchimbaji hakujua kama anazo sekunde tano au dakika tano. Baada yake, aliweza kupima kwa mkono urefu wa maisha yake, akakata, akawasha, akatembea kwenda mahali salama bila kukimbia na kujikwaa gizani.

Basi mtu anayekata utambi mfupi ili amalize kazi upesi, au ili abakize kipande cha kutumia kesho, anafanya nini? Anachukua dakika alizopewa na Bickford na kuzitupa. Anarudi mwenyewe kwenye unyoya wa bata.

MKEMIA ALIYEMZIKA MDOGO WAKE

Mwaka 1847, mjini Torino, Italia, Ascanio Sobrero alitengeneza mafuta mazito yaitwayo nitrogliserini. Nguvu zake zilipita baruti nyeusi mbali sana. Yeye mwenyewe aliumizwa usoni na mlipuko, akaonya watu kwamba mafuta yale ni hatari. Onyo lake lilikuwa la kweli. Ukiyatikisa yanaweza kulipuka, ukiyaangusha yanaweza kulipuka, na yakianza kuharibika yanaweza kulipuka yenyewe.

Alfred Nobel, Mswidi aliyezaliwa Stockholm mwaka 1833, alitaka kuyatumia mafuta hayo migodini na kwenye njia za reli. Tarehe 3 Septemba 1864 karakana ya familia yake mjini Stockholm ililipuka. Watu kadhaa walikufa, na miongoni mwao alikuwa Emil, mdogo wake Alfred. Mwaka 1866 shehena za nitrogliserini zililipuka huko San Francisco na huko Panama, zikaua watu wengi. Nchi mbalimbali zikaanza kuyakataza mafuta hayo.

Nobel hakuacha kazi, lakini alibadili swali. Badala ya kuuliza jinsi ya kupata nguvu zaidi, aliuliza jinsi ya kuifanya nguvu ile itulie mpaka mtu mwenyewe aiamshe. Alipata majibu mawili. La kwanza ni fataki, yaani kile kikombe kidogo cha chuma ambacho wengi wetu tunakiita detonateri. Mlipuko wake mdogo ndio unaoamsha mlipuko mkubwa. La pili ni kuyanywesha mafuta yale katika udongo mwepesi wenye matundu mengi madogo, mfano wa sifongo. Sehemu tatu za mafuta kwa sehemu moja ya udongo ziligeuka kuwa kitu kama ugali mgumu, kinachoweza kufinyangwa, kufungwa katika karatasi na kusafirishwa. Mwaka 1867 aliandikisha uvumbuzi huo na kuupa jina la dinamiti.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Husema: "Dinamiti ni salama, bila fataki hailipuki." Nobel aliifanya itulie, hakuifanya ife. Joto kali, kupigwa kwa chuma, uzee na unyevu vinaweza kuiamsha. Na fataki yenyewe haikutulizwa kamwe: imetengenezwa ili ilipuke kwa urahisi. Zamani walikuwako mafundi walioibana fataki kwenye utambi kwa meno, kwa kiburi tu au kwa kukosa koleo. Fataki ndogo kama kalamu inatosha kung'oa vidole vya mkono mzima. Je, mdomoni itaacha nini?

Jambo jingine wazee walilolijua bila kufundishwa na daktari: kushika dinamiti kwa mikono mitupu kulileta maumivu makali ya kichwa. Nitrogliserini hupenya ngozi na kutanua mishipa ya damu. Ajabu ni kwamba kitu hicho hicho, kwa kipimo kidogo sana, ni dawa ya maumivu ya moyo, na Nobel mwenyewe alipougua moyo katika uzee wake madaktari walimwandikia dawa hiyo. Alifariki tarehe 10 Desemba 1896, na mali yake ndiyo inayolipa zawadi maarufu zenye jina lake tangu mwaka 1901.

FUNDI ALIYERUDISHA MASHINE ZAKE

Baruti inataka tundu. Zamani tundu lilitobolewa kwa mkono: mmoja anashika patasi ndefu, mwingine anapiga nyundo, saa nzima kwa sentimeta chache. Katika karne ya 19 zikaja mashine. Huko kwenye njia ya chini ya mlima Mont Cenis, kati ya Ufaransa na Italia, iliyofunguliwa mwaka 1871, mhandisi Germain Sommeiller alitumia mashine za kutoboa zilizosukumwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Kazi iliendelea kwa kasi ambayo mikono isingeiweza.

Lakini kasi ilileta adui mpya. Patasi ya mkono hutoa vumbi kidogo. Mashine hutoa wingu. Mwishoni mwa miaka ya 1890, huko Denver, Marekani, fundi John George Leyner alitengeneza mashine ya nyundo yenye chuma cha kutobolea kilicho na tundu katikati, na kupitia tundu hilo hewa ilipuliza unga wa mawe nje. Ilitoboa vizuri sana. Ila vumbi lilikuwa jingi hata wachimbaji wakaikataa. Leyner hakubishana nao wala hakuwaita wavivu. Alizirudisha mashine karakanani, akazitengeneza upya ili kupitia chuma kile yapite maji pamoja na hewa. Unga ukatoka kama tope, na vumbi likakaa chini.

Ndugu zangu, mfikirie jambo hilo. Mashine ya maji, ambayo mifano yake imeenea migodini dunia nzima, ilizaliwa kwa sababu wafanyakazi walisema: "Hii hapana," na fundi akawasikiliza.

Kwa nini maji ni uhai? Kwarzi ya dhahabu yetu imejaa silika. Chembe zinazoua si zile unazoziona zikicheza katika mwanga wa taa. Hizo kubwa hunaswa puani na kooni, ukazitema. Zinazoua ni ndogo mno, hazionekani kwa jicho, hukaa hewani muda mrefu na kushuka hadi mwisho wa mapafu. Huko hutia makovu. Pafu lenye makovu halifunguki tena kama pafu zima. Ugonjwa huu unaitwa silikosi. Huchukua miaka kujionyesha, na ukishaingia hauna dawa ya kuuondoa. Tena humfungulia mlango kifua kikuu.

Huko Afrika Kusini, katika migodi ya dhahabu, wachimbaji wa mashine walikufa wakiwa bado vijana. Mwaka 1902 serikali iliunda tume ya kuchunguza, na mwaka 1911 sheria ya kuwalipa wagonjwa ilianza. Vifo vya wafanyakazi weusi vilihesabiwa kwa uzembe mkubwa, maana wengi walirudishwa vijijini kwao kufa huko. Mashine ya Leyner ilikwisha kuvumbuliwa. Maji yalikwisha kujulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kuyafikisha, na mtu wa kuyafungua.

Na leo je? Tunajua wote jinsi mambo yanavyokwenda. Maji hurusha tope usoni, nguo zinalowa, baridi inaingia. Kijana anafunga maji "kidogo tu," aanze tundu vizuri. Dakika zile za kwanza, kabla chuma hakijazama, ndizo zinazotupa vumbi moja kwa moja mbele ya pua yake. Tope huoga jioni likatoka. Vumbi la ndani ya pafu halina sabuni.

VYOMBO VYA LEO

Uvumbuzi haukusimama. Kofia ngumu ya kazi ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1919 na nyumba ya Bullard. Ilikuwa ya turubai iliyotiwa gundi na mvuke. Katika migodi mikubwa ya leo milipuko huanzishwa kwa umeme au kwa vyombo vya elektroniki kutoka mbali. Kule Kibali, katika jimbo jirani la Haut-Uele, ambako dhahabu ya kwanza ya mgodi mpya ilitoka mwaka 2013, zipo mashine za kuzoa mawe chini ya ardhi zinazosimamiwa na mtu aliyeketi juu. Fikra ni ile ile ya Bickford: kumweka mtu mbali na hatari.

Lakini katika mashimo mengi madogo ya Ituri, ambako ndugu, wana na shemeji zetu wanachimba kwa mikono, bado kuna utambi, bado kuna fataki, na bado kuna vumbi kavu. Basi haya tunayoandika si ya mfanyakazi wa kampuni peke yake. Mpeni na yeye asome.

MASHARTI YA KUSHIKA

1. Pima utambi kabla ya kuutumia. Kata meta moja kutoka katika roli mpya, uwashe mahali salama, hesabu kwa saa. Ukiwaka upesi mno au polepole mno, usiutumie. Mwarifu mkubwa wako.

2. Usikate utambi mfupi kuliko kipimo cha mgodi. Kata ncha upya, iliyonyooka na kavu, kabla ya kuitia katika fataki.

3. Bana fataki kwa koleo maalumu. Si kwa meno, si kwa kisu, si kwa jiwe.

4. Fataki na dinamiti hazisafiri katika sanduku moja wala hazilali katika ghala moja.

5. Shindilia kwa fimbo ya mti. Chuma hakiingii katika tundu lenye baruti.

6. Usiwashe ukiwa peke yako. Hesabuni milio. Mkisikia tisa na mliwasha kumi, hapana kurudi. Ngojeni nusu saa au zaidi, kama kanuni ya mgodi inavyosema, kisha aende mwenye idhini.

7. Usitoboe kamwe katika kitako cha tundu la zamani. Huenda baruti imelala humo.

8. Baada ya mlipuko, ngoja hewa isafishwe. Moshi wa baruti una sumu, na moja kati ya sumu hizo haina harufu. Kisha mwagia mawe maji kabla ya kuzoa.

9. Maji kwanza, hewa baadaye. Ukifunga, hewa kwanza, maji baadaye.

KWA MAMA NA WATOTO

Mama, nguo za shimoni usizikung'ute ndani ya nyumba wala karibu na mtoto mchanga. Zilowekwe kwanza, ndipo zifuliwe. Baba akikohoa wiki mbili na zaidi, akipungua uzito au akitoka jasho usiku, asinywe dawa za sokoni. Aende hospitali apimwe kifua, na amwambie daktari kwamba anafanya kazi ya mgodi. Neno hilo moja laweza kumwongoza daktari.

Watoto, mkiona kikopo kidogo cha chuma kinachong'aa, chenye uzi au waya, msikiguse, msikigonge kwa jiwe, msikitupe motoni. Mmoja abaki mbali akilinda wengine wasikaribie, mwingine akimbie kumwita mtu mzima. Na wewe baba, fataki haina kazi nyumbani, hata moja, hata kwa usiku mmoja.

SASA TUAMUE

Bickford alitupa dakika. Nobel alitupa nguvu iliyotulia. Leyner alitupa maji. Watatu wote ni marehemu, na hakuna hata mmoja wao aliyefika Ituri. Hawawezi kuingia shimoni kesho asubuhi kufungua bomba la maji kwa niaba yako. Sehemu yao walikwisha kuimaliza.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Ajali haina kinga," mwitikie kwa heshima, hasa akiwa ni mzee: "Ndiyo, papa, zipo zisizo na kinga. Lakini hii ya leo kinga ilikuwapo, ilikuwa imening'inia ukutani."

Kazi njema, na mrudi nyumbani wazima.